Winchi ya Mkono kwa Madiko ya Mafia

Kwa mabaharia wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, kupandisha chombo ufukweni ni hesabu ya maji. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3, hivyo mashua huingizwa maji yakijaa, ikaachwa ipwelewe, kisha mafundi huwahi kuikwangua na kuikalafati kabla maji hayajarudi. Njia hii haina gharama, na kwa kazi ndogo haina mpinzani. Lakini mkuku ukipasuka, au ubao wa chini ukihitaji kubadilishwa, saa chache za maji kupwa hazitoshi. Chombo lazima kipande hadi pasipofikiwa na maji makuu, na hapo kazi huangukia mabega ya watu na magogo ya kuviringishia. Kisiwa ambacho mafundi wake wa Chole wanasifika kwa kuunda majahazi kwa mikono kinastahili msaada bora: winchi ya mkono katika kila diko kubwa, iliyofungwa nchi kavu na isiyotoka hapo.

Winchi si mtambo mgumu kuelewa. Ina dramu ya kuzungushia kamba, mkono wa kuiendeshea, gia, na jino la chuma linaloizuia kurudi nyuma, ili wavutaji waweze kupumzika bila mzigo kuteleza. Tuchukulie mkono wa sentimeta 40 unaozungusha dramu yenye nusu kipenyo cha sentimeta 5. Nguvu huzidishwa mara 8, na gia zikipunguza mwendo mara 5, jumla ni mara 40. Mtu anayesukuma kwa nguvu ya kilo 15 angepata mvuto wa kilo 600, na hata msuguano ukila theluthi nzima, zinabaki 400. Gharama yake ni mwendo: kila mashua inaposogea meta 1, kiganja cha mzungushaji husafiri meta 40. Winchi haizai nguvu mpya. Inabadilisha haraka kwa nguvu, na chombo kinachokwenda matengenezo hakina haraka.

Watakaopinga watasema mtambo huu utaua ushirikiano wa wavuvi. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba jahazi lenyewe limebeba kanuni hiyohiyo tangu zamani: foromali nzito, mti unaobeba tanga, hupandishwa kwa henza, yaani kamba inayopita kwenye gofia au kapi, na hakuna anayesema gofia imevunja udugu wa mabaharia. Huko Hastings, kusini mwa Uingereza, wavuvi wasio na bandari huvuta mashua zao juu ya changarawe kwa winchi, na zamani mtambo wa aina hiyo ulizungushwa na farasi. Winchi haikuondoa watu ufukweni. Lazima wawepo wa kutanguliza magogo na wa kukishikilia chombo kisilale ubavu. Kinachopungua ni idadi ya migongo inayoumia, na hilo humfaa zaidi mwenye chombo ambaye ni mzee au hana vijana wa kuwaita.

Kuhusu kutu na hatari, jibu ni utunzaji. Chuma kisipopakwa grisi na kufunikwa, chumvi itakila. Kamba ya nailoni hutanuka, na ikikatika hurudi kwa kasi inayoweza kuua, kwa hiyo asisimame mtu katika mstari wake, wala isitumike kamba iliyochakaa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la samaki. Mtambo unaovuta mashua unaweza pia kuvuta nyavu, na Mafia ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, mwaka 1995, yenye kilometa za mraba 822. Juya la kukokota limepigwa marufuku kwa sababu huzoa wachanga na wakubwa pamoja na kukwaruza nyasi za bahari. Likipewa winchi, madhara yake yangeongezeka. Ndiyo maana mahali pa mtambo pana uzito sawa na mtambo wenyewe. Winchi ifungwe kwa zege juu ya ufuko, jirani na karakana, iwe mali ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, na ufunguo wake ushikwe na mtu anayejulikana. Diko lisiloweza kukubaliana juu ya ufunguo huo liendelee kwanza na magogo yake.