Sura ya Nne: Kinachomsukuma Mtu Kazini

Ingia ofisi ya walimu katika shule ya msingi ya serikali Tanzania, uulize kwa nini kuna mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma. Utasikia habari za mshahara, za malimbikizo yasiyolipwa, za vitabu visivyotosha. Waulize wazazi, watakwambia walimu hawataki kufundisha. Kila upande una maelezo yake kuhusu kinachomfanya mtu ajitume, na mwaka 2013 maelezo hayo yaliingizwa kwenye kipimo.

Taasisi ya Twaweza na watafiti wa vyuo vikuu walichukua shule 350 katika wilaya 10, wakazigawa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine 70 hazikuona ruzuku. Badala yake walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, iwe Kiswahili, Kiingereza au hesabu, na mwalimu mkuu naye akatengewa chake kidogo. Shule 70 zilipata vyote viwili. Zilizobaki hazikupewa kitu, ili ziwe za kulinganishia.

Miaka miwili baadaye, ruzuku peke yake haikuwa imepandisha matokeo. Vitabu vilinunuliwa, na wazazi nao wakapunguza walichokuwa wakitumia kwa masomo ya watoto wao. Motisha peke yake ilileta matokeo yanayoyumba, pengine nafuu, pengine hakuna. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi, na kupanda kwenyewe kulizidi hata jumla ya nafuu za makundi yale mawili.

Hebu mfikirie mwalimu mwenye darasa lililofurika na kitabu kimoja cha kusomea. Ukimwahidi elfu tano kwa kila kichwa atazitamani, lakini hana cha kuzifikia. Mpe vitabu bila sababu ya kuvifungua, navyo vitawekwa kabatini visichafuliwe. Kabati za namna hiyo nimeziona: vitabu vimepangwa vizuri, jalada bado linang'aa, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu ambaye leo ameitwa wilayani.

Kwa hiyo kuuliza kama fedha inahamasisha ni kuuliza nusu ya swali. Inategemea inamkuta mtu na nini mkononi. Wapo wahamasishaji wanaohubiri kumbini kwamba fedha si kitu. Kiingilio chao nacho si haba.

Lakini kuna mahali ambapo fedha ilishindwa na karatasi. Mjini Lusaka, wachumi Nava Ashraf, Oriana Bandiera na Kelsey Jack waliwafuatilia wasusi na vinyozi 1,222 waliopewa kazi ya kuuza kondomu za kike kwa wateja wao, katika mpango wa kupambana na UKIMWI. Kundi la kwanza liliuza kwa kujitolea. La pili lilibaki na asilimia 10 ya bei, la tatu asilimia 90. La nne halikupata hata ngwee moja: lilipewa bango lenye picha ya kipimajoto la kutundika saluni, na kila pakiti iliyouzwa iliongeza nyota moja juu yake.

Kundi la nyota liliuza takriban mara mbili ya makundi mengine. Sababu moja ni hesabu tu. Pakiti ilikuwa ya bei ndogo sana, na asilimia 90 ya kitu kidogo ni kitu kidogo. Sababu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kiti cha saluni. Mteja anayesukwa hukaa pale kwa saa kadhaa, macho hayana pa kwenda ila ukutani, na mwisho atauliza zile nyota ni za nini. Msusi akishaulizwa, anaeleza. Akieleza, mtaa mzima unajua kwamba pale hapafanyiki biashara ya nywele tu. Na nyota ziliwasukuma zaidi wale ambao tangu mwanzo waliguswa na lengo la mpango.

Bosi aliyefika hapa asikimbilie kuchapisha vyeti. Zipo ofisi ambazo tuzo ya mfanyakazi bora wa Mei Mosi huzungushwa kwa zamu ili kila idara ionje, na wafanyakazi wote wanalijua hilo. Nyota ya Lusaka ilihesabu pakiti, haikuhesabu nani anajuana na nani.

Nyota hiyohiyo inaweza pia kuharibu. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora. Walichora, wakapewa. Baada ya wiki moja au mbili, kalamu ziliporudishwa mezani bila ahadi yoyote, watoto hao walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hawakupoteza hamu. Msusi wa Lusaka hakuwa na mapenzi ya zamani na kondomu za kike, hivyo nyota haikuwa na cha kuharibu. Mtoto alikuwa na mchezo wake, ukageuzwa kibarua.

Hapo ndipo viongozi wengi wa afya na elimu huingiwa na hofu kwamba wakitangaza maslahi watapata wachumia tumbo. Zambia ililipima hilo pia. Mwaka 2010 serikali ilipoajiri wahudumu wa afya wa vijijini, mabango ya baadhi ya wilaya yalisisitiza kuitumikia jamii, ya nyingine yakasisitiza kupanda ngazi hadi kuwa nesi, afisa tabibu, hata daktari. Walioajiriwa kupitia mabango ya cheo walikuwa na alama nzuri zaidi za shule, na katika moyo wa kuhudumia hawakupitwa na wenzao. Walitembelea kaya kwa asilimia 29 zaidi, na katika maeneo yao idadi ya watoto wenye uzito pungufu ilishuka.