Simu ya Bure na Bei Yake

Sisi watu wa mwambao tuna jamaa kila pembe ya dunia: huyu yuko Maskati, yule Dubai, mwingine London. Zamani tulijuliana hali kwa barua, au kwa kaseti aliyoichukua msafiri mkobani. Leo mzee hugusa kioo cha simu, na sauti ya mwanawe ikamjia kwa njia ya intaneti bila ya kuhesabiwa dakika. Neema hiyo siikanushi. Lakini wahenga walinena rahisi ni ghali, na bei ya simu hii aghalabu hudaiwa siku ya dhiki.

Kwanza tufahamu namna ifanyavyo kazi. Simu ya waya ya zamani ilimwekea mzungumzaji njia yake peke yake mpaka amalize maneno. Hii ya intaneti huikata sauti vipande vidogo vidogo, ikavipitisha pamoja na picha na sinema za walimwengu wengine. Kipande kikichelewa hutupwa, kwani mazungumzo hayangoji. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hushauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 njiani. Ikizidi sana, watu hupandana maneno. Salamu hugongana na jibu lake, na kila mmoja hudhani mwenziwe amemkata kauli.

Kwa lugha yetu hasara ni kubwa, maana neno moja la Kiswahili laweza kuwa khabari nzima. Nilipata kupigiwa simu ya namna hii usiku, nikasikia, "Shangazi ame..." kisha kimya. Amepona? Amelazwa? Ametutoka? Nilibaki na kichwa cha neno, kiwiliwili kimezama baharini. Nilipopiga kwa laini ya kawaida ndipo nikaambiwa amelazwa, na hali yake si mbaya, alhamdulillahi.

Na huko kuzama baharini si mfano mtupu. Intaneti yetu hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Wa TEAMS, utokao Fujairah, ulifika Mombasa mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa ya kusuasua. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, wala hapakukatika waya wowote baharini. Hitilafu ilikuwa ndani ya mitambo ya kampuni yenyewe.

Tena ziko sheria za watu. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa miaka mingi ujumbe wa WhatsApp hupita lakini kupigiana simu kwa njia hiyo kumezuiwa. Hutakiwa programu zenye kibali cha serikali. Na hapa kwetu, nyumba ikishika moto, usiitegemee WhatsApp kukufikisha kwenye 999. Hiyo ni kazi ya simu ya kawaida.

Dini yetu yatuhimiza kuharakisha maziko. Maiti hangoji mtandao urudi. Kijana aliyeko Dubai huenda angaliwahi ndege ya jioni. Khabari ikimfikia kesho, atakuta khitma.

Basi nasema hivi: zungumzeni bure, mcheke, muonyeshane wajukuu. Lakini nambari ya kawaida ya kila jamaa iandikwe daftarini, na salio dogo liwekwe kwa ajili ya siku nzito. Na mwenye kutoa khabari ya ugonjwa au msiba aiseme taratibu, kisha amwombe mwenziwe airudie alivyoisikia.

Usiache mbachao kwa msala upitao.