Fidla haisafiri na masanduku

“Samahani kaka, hilo litakwenda chini na mizigo,” alisema kijana wa kaunta ya uwanja wa ndege, na kabla sijajibu alikwishafunga kibandiko kwenye mkono wa kasha. Ndani yake mlikuwa na fidla niliyopewa na mwalimu wangu, aliyopigia taarab Unguja zaidi ya miaka 30. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikaona haya kubishana, nikaiachia.

Nilipolifungua kasha ugenini, shingo ilikuwa imebanduka mwilini, daraja limelala ubavu, nyuzi zote nne zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Fundi aliiunga vizuri. Sauti yake ya zamani haikurudi.

Tangu siku hiyo, kila mwanamuziki ninayemsikia anafunga safari humwomba anisikilize kidogo.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Fidla haizidi nusu kilo. Ubao wake wa juu una unene wa kama milimita tatu, na mbao zake hushikana kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama. Toroli la mizigo likisimama juani, gundi hiyo hulegea. Sanduku la kilo 20 likitupwa juu ya kasha, shingo ndiyo inayolipa. Hata humo wanamokaa abiria hakuna salama kamili: unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 20, na mbao iliyozoea hewa ya bahari husinyaa na kupasuka.

Kikwazo kikubwa ni futi ya kaunta. Mashirika mengi ya ndege huruhusu mzigo wa mkononi wa kilo 7 wenye urefu wa sentimita 55 hivi. Kasha la fidla hukaribia sentimita 80. Kwa uzito linapita, kwa urefu linakwama, na hapo kila kitu hubaki mikononi mwa mtumishi aliye zamu siku hiyo.

Marekani waliliona tatizo hili wakalitungia sheria mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015. Abiria mwenye fidla au gitaa anaruhusiwa kupanda nalo, mradi nafasi ipo kwenye kabati la juu au chini ya kiti wakati anapoingia. Akishaliweka, haliondolewi kumpisha mwenye begi aliyekuja nyuma yake.

Sisi hatuna sababu ya kukosa kanuni kama hiyo. Unguja ina kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa tangu 1905, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa kikifundisha vijana ala kama udi, kanuni na fidla tangu 2002. Wanamuziki wetu wanaalikwa ng’ambo. Mamlaka za usafiri wa anga za Afrika Mashariki zikiandika mistari mitatu tu, kijana wa kaunta atajua la kufanya, na abiria hatalazimika kubembeleza.

Mpaka siku hiyo, tujilinde. Liandikie shirika kabla ya kukata tiketi, utaje vipimo vya kasha, na jibu lao ulichapishe uwe nalo mkononi. Ulizia aina ya ndege pia, maana zile ndogo za kuruka baina ya visiwa na bara zina kabati finyu. Nyuzi zilegeze kidogo tu: ukizilegeza zote, daraja litaanguka, kwa kuwa hakuna kinacholishikilia ila nyuzi hizo. Kando ya daraja, chini ya nyuzi, tandika kitambaa laini.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha chombo kila upande asubuhi ya safari. Kikiharibika kwenye mizigo, Mkataba wa Montreal wa 1999 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa unakutaka ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipopokea mzigo. Upinde wa kale nao uuchunguze ncha: ikiwa ni pembe ya ndovu, utahitaji vibali kabla ya kuvuka mpaka. Mwenye klarineti ya mpingo amepata nafuu, kwani tangu mwishoni mwa 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa kwa mti huo zimeondolewa kwenye sharti la kibali cha kimataifa.

Safari yangu ya mwisho nilifika kaunta na barua mkononi. Dada aliyekuwa zamu aliisoma, akalitazama kasha, akasema, “Haya kaka, panda nayo.” Usiku ule hotelini nilifungua kasha polepole, moyo unanidunda. Daraja lilikuwa limesimama wima. Nyuzi zilikuwa zimeshuka kidogo kama nilivyoziacha. Nikazikaza moja moja, nikapitisha upinde, na fidla ikaitika.