Nyama ya Jumapili, Kuanzia Bucha Hadi Chungu

Msuli wa ng'ombe unaofanya kazi nyingi huwa mgumu, na unaofanya kazi kidogo huwa laini. Mbele ya bucha, karibu mambo yote mengine huanzia hapo. Shingo huinama na kuinuka mchana kutwa mnyama akila majani. Miundi hubeba uzito wote wa mwili. Kidari hukaza kila hatua ya miguu ya mbele. Sarara, ule mkanda wa nyama uliolala kando ya uti wa mgongo, hauna kazi nzito, kwa hiyo ukikatwa vipande vyembamba na kukaangwa huiva upesi na kutafunika bila taabu.

Katika uwanda wa Ufipa, yaani Sumbawanga, Namanyere na vijiji vilivyo kati yake, tofauti hii huonekana waziwazi kuliko katika miji inayouza nyama ya ng'ombe walionenepeshwa zizini. Ng'ombe wengi wanaochinjwa huko ni wa asili, zebu wa pembe fupi, waliokula nyasi za mbugani na kutembea mbali kutafuta maji. Wengine ni maksai waliovuta plau misimu kadhaa kabla ya kuuzwa. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 wafugaji wa Kisukuma walihamia Bonde la Ziwa Rukwa na makundi makubwa, na ng'ombe wakazidi kuwa wengi mnadani. Nyama ya wanyama hawa ina ladha nzito, lakini haipikwi kwa haraka. Ndiyo maana Jumapili ndiyo siku yake: ibada ikiisha hakuna anayekimbilia shamba, na chungu kinaweza kukaa motoni muda wote kinaohitaji.

Ugumu wenyewe una sababu inayoeleweka. Kila msuli ni fungu la nyuzi, na nyuzi hizo hufungwa pamoja na utando mweupe wa protini iitwayo kolajeni. Msuli ukifanya kazi zaidi, na mnyama akiongeza umri, utando huo huwa mwingi na imara zaidi. Moto mkali wa muda mfupi huufanya ujikunje na kuikaza nyama. Moto wa wastani wa muda mrefu, penye maji, huuyeyusha ukawa jelatini, ule ute unaonata midomoni na kuupa mchuzi uzito. Kwa hiyo kipande kigumu hakina kosa. Kinachohitajika ni saa mbili au tatu za motoni, na anayekinunua akiwa na saa hizo mkononi amenunua vizuri kuliko aliyelipia steki.

Umri wa mnyama husomeka kwenye nyama yenyewe. Ya ndama au mtamba ni nyekundu iliyopauka kidogo, mifupa yake ina wekundu ndani na ncha zake zina gegedu laini. Ya ng'ombe mzee ni nyekundu iliyoiva, karibu na rangi ya damu ya mzee, na mifupa ni myeupe na migumu. Mafuta ya njano huwatia wanunuzi wengi wasiwasi bila sababu. Rangi hiyo hutokana na majani mabichi aliyokula mnyama, na kwa ng'ombe wa malishoni ni jambo la kawaida. Cha kuogopwa ni harufu ya uchachu, utelezi juu ya nyama, na rangi ya kijani pembezoni.

Kabla ya hayo yote, jicho litafute mhuri. Nyama iliyopita machinjioni hukaguliwa na afisa mifugo au mkaguzi wa nyama, naye huigonga mhuri juu ya paja na bega. Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyoanzisha Bodi ya Nyama Tanzania, iliwekwa ili kazi yote tangu zizini hadi buchani iwe na utaratibu. Nyama ya bei rahisi inayopitishwa uchochoroni usiku inaweza kuwa ya kibudu, na ng'ombe aliyekufa kwa kimeta anaweza kumuua aliyemchuna na aliyemla. Hapa hakuna cha kubahatisha.

Buchani, nyama huuzwa kwa njia mbili. Kuna steki, isiyo na mfupa, na kuna mchanganyiko, ambamo muuzaji hukata kutoka kila upande: mbavu kidogo, kipande cha bega, mfupa, na pengine tonge la mafuta. Mchanganyiko ni nafuu na hufaa mchuzi, ila una tabu moja ambayo wapishi huijua vizuri. Vipande vya sehemu tofauti haviivi kwa wakati mmoja. Vya paja huwa tayari vya shingo vikiwa bado vinavutika, na mpishi hulazimika ama kuvitoa kimoja kimoja ama kuviacha baadhi virojoke. Dawa yake ni kuomba sehemu moja kwa jina. Muuzaji aliyezoea kazi yake hakasirishwi na mteja anayesema "nipatie muundi kilo moja na nusu, uukate pingili". Anayefika asubuhi na mapema, nusu ya ng'ombe ikiwa bado imening'inia, hupata anachotaka. Anayefika saa sita huchukua kilichobaki juu ya gogo.

Lakini asubuhi na mapema ina jambo lake. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri huuzwa siku ileile, na nyama yake huweza kuonekana ikichezacheza juu ya meza. Saa chache baadaye misuli hukakamaa, na hali hiyo huchukua siku nzima au zaidi kabla ya kulegea. Nyama ya kuchemsha haiathiriki sana, kwa sababu muda wa chunguni huimaliza kazi. Ya kukaanga huathirika: sarara iliyokatwa ikiwa imekakamaa huwa ngumu hata mikononi mwa mpishi hodari. Penye jokofu, nyama ya kukaanga inunuliwe Ijumaa ikae hadi Jumapili. Pasipo na jokofu, ichemshwe kwa chumvi siku ileile iliponunuliwa, kisha iungwe kesho yake.

Kati ya vipande vyote, muundi ndio unaodharauliwa bila haki. Mgeni wa heshima hupewa steki, nayo hukaangwa mpaka ikawa kama soli ya kiatu, ilhali muundi uliotokoswa tangu saa nne asubuhi ungempa mlo wa kukumbuka. Umekatwa pingili za unene wa vidole vitatu, kila pingili ina mduara wa mfupa katikati, uboho ndani yake, na nyama iliyogawanywa na mistari myeupe ya kano. Pingili huoshwa haraka, huwekwa kwenye sufuria nzito na maji yanayozifunika kwa kidole kimoja, tangawizi iliyopondwa na kitunguu kizima. Maji yakikaribia kuchemka, povu la kijivu hupanda; huenguliwa kwa kijiko mpaka supu ibaki safi. Baada ya hapo kuni huvutwa nje ya mafiga, au mkaa hupunguzwa, ili maji yatokote polepole tu, kiputo kimoja kimoja kikipanda juu. Kuchemka kwa nguvu hukamua maji yaliyomo ndani ya nyuzi, na nyama hutoka kavu hata ikiwa ndani ya mchuzi. Maji yakipungua huongezwa ya moto, kamwe si ya baridi. Mwisho wa saa ya tatu kano zilizokuwa nyeupe huwa za kung'aa kama kioo, nyama inaachia mfupa kwa kuguswa na mwiko, na uboho unatikisika. Hapo ndipo nyanya, vitunguu vilivyokaangwa kwa mafuta ya alizeti na chumvi ya mwisho huingia.

Muda huo wa saa tatu si sawa kila mahali. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Kipili iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu na mita 770, na maji huchemka kwenye nyuzi 97. Nyuzi tatu zinaonekana kidogo, lakini chungu huzihisi. Kipande kilekile, kwa moto uleule, huhitaji muda zaidi juu ya uwanda kuliko bondeni ziwani, na juu zaidi kuelekea Milima ya Mbizi huhitaji muda mwingi zaidi. Maharage hufanya vivyo hivyo. Mpishi aliyeolewa Sumbawanga kutoka mwambao wa ziwa akiona nyama yake haiivi kwa saa alizozizoea kwao asijilaumu, wala asilaumu kuni. Kifuniko kizito kinachobana husaidia kidogo. Sufuria ya presha husaidia sana, kwa kuwa huzuia mvuke na kupandisha joto kupita nyuzi 110, na muundi huiva chini ya saa moja.

Kidari na mbavu hufuata njia ileile ya muundi, ila vina mafuta zaidi, na mafuta hayo ndiyo ladha yenyewe. Shingo hutoa mchuzi mzito kwa bei ndogo. Makongoro, yaani miguu ya chini pamoja na kwato, huhitaji nusu siku na hulipa kwa supu nzito kuliko zote. Paja lina nyama nyingi isiyo na mafuta. Hufaa kukatwa vipande vidogo vya kuunga na nazi au karanga. Lisichemshwe mno, maana hukauka. Kipande chochote kinachokatwa kwa kukaanga kikatwe kukingama nyuzi, wala kisifuate urefu wake, ili jino likutane na nyuzi fupi. Maziwa ya papai bichi, au papai bichi lililopondwa, hulainisha nyama ngumu kwa nusu saa. Likiachwa usiku kucha huigeuza uji.

Kiasi cha kununua hukadiriwa nyama ikiwa mbichi, na hapo wengi hukosea, kwani nyama hupoteza kati ya robo na theluthi ya uzito wake ikipikwa, mbali na mifupa. Kilo moja ya mchanganyiko kwa watu wanane itawatosha kama mboga ya kulia ugali. Kwa mlo unaotegemea nyama yenyewe haitatosha.

Kipili, nyama ya ng'ombe haina nafasi iliyo nayo Namanyere. Hapo mlo wa kila siku ni migebuka, kuhe na dagaa, na ng'ombe huletwa kutoka juu. Kihistoria uwanda wa Ufipa, kwa kuwa ni mbuga za wazi zenye baridi, haukuwa na mbung'o wengi, lakini misitu ya miombo kwenye miteremko ya kuelekea ziwani ilikuwa nao, na nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o hao, ikafanya ufugaji wa ng'ombe kuwa mgumu huko chini. Kwa hiyo nyama ikifika mwambaoni, mara nyingi kwa sikukuu, harusi au Jumapili ya wageni, hupewa heshima ya kitu cha safari. Joto la ziwani halisubiri: nyama iliyonunuliwa asubuhi iwe motoni kabla ya adhuhuri. Kwa kuwa wanunuzi ni Waislamu na Wakristo pamoja, desturi ni mchinjaji awe Mwislamu, na kila nyumba hula bila shaka moyoni.

Mbuzi na kuku hufuata kanuni ileile ya kazi na umri. Mbuzi dume mzee anataka chungu. Mbuzi mchanga anaweza kuchomwa. Jogoo wa kienyeji aliyezunguka uani miaka miwili huchemshwa saa mbili kabla ya kuungwa, na supu yake huwazidi kuku watatu wa kisasa. Nguruwe ni laini karibu mwili mzima, lakini aive kabisa mpaka kusiwe na wekundu ndani, kwa sababu ya lava wa tegu.

Cha kulia nyama hubadilika kadiri mtu anavyoshuka kutoka uwandani hadi ziwani. Juu ya uwanda ni ugali wa mahindi au wa ulezi, ule mweusi unaotia joto mwilini, ambao hukubaliana na mchuzi wa muundi kuliko chakula kingine chochote. Siku ya wageni huletwa wali wa mchele wa Bonde la Rukwa. Mwambaoni ugali wa muhogo hutawala. Unavutika na kunata, kwa hiyo hutaka mchuzi mwepesi zaidi.

Kinachobaki usiku hutofautiana vilevile. Kipili kiporo hakina budi kuchemshwa upya kabla ya kulala na tena alfajiri, la sivyo joto litakichachusha. Sumbawanga, usiku wa Juni na Julai ambapo baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, nacho huchemshwa na kufunikwa vizuri kabla ya kulala; asubuhi sufuria ikifunuliwa hukutwa supu ya muundi imeganda, imara kiasi cha kukatika kwa kijiko, na juu yake tabaka jembamba la mafuta ya njano. Mafuta huenguliwa yakatunzwa kwa kukaangia vitunguu, na supu hurudishwa motoni hadi ichemke kwa dakika kadhaa, ikanywewa kabla watoto hawajaenda shule.