Nebraska: timu inachapwa, uwanja unajaa. Kwa nini?

Haya wadau, leo tuachane kidogo na ligi za Ulaya. Kuna swali linalomgusa kila shabiki: timu yako ikivurunda mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba, unabaki kwa sababu gani? Mimi nikitaka jibu naangalia watu wa jimbo la Nebraska, Marekani. Hawa jamaa wamepigwa mpaka basi, na bado wanaenda uwanjani.

Kwanza tuelewane. Naongelea mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, tena wa vyuo vikuu. Usije ukadhani ni bonanza la wanafunzi. Kule Jumamosi ni siku ya vyuo, mechi zinaonyeshwa kwenye TV nchi nzima na kuna vyuo vyenye viwanja vya watu zaidi ya laki moja. Msimu wa kawaida ni mechi 12 tu, kwa hiyo ukifungwa Jumamosi moja inauma wiki nzima. Hakuna kushuka daraja kama huku kwetu. Ukishinda mechi 6 unapata nafasi ya kucheza mechi moja ya heshima mwisho wa msimu. Ukishindwa kufika hapo, kwa kawaida unarudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine.

Timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska inaitwa Cornhuskers, yaani wamenya mahindi, maana lile ni jimbo la wakulima. Uwanja wao wa Memorial uko mjini Lincoln na unachukua watu zaidi ya 85,000. Ukitoa Omaha na Lincoln yenyewe, hakuna mji jimboni humo wenye watu wengi kuliko uwanja huo siku ya mechi. Tangu Novemba 1962 tiketi za kila mechi ya nyumbani zimekuwa zinaisha. Mwaka 2024 hesabu ilifika mechi 400. (Msimu wa corona wa 2020 mashabiki hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo hauhesabiwi.)

Kujaza uwanja wakati wa raha si ajabu. Na hawa raha waliipata. Kocha Tom Osborne alikaa kuanzia 1973 hadi 1997 na hakuna msimu hata mmoja alioshinda mechi chini ya 9. Walikuwa mabingwa wa taifa 1994, 1995 na 1997. Kati ya 1993 na 1997 walishinda mechi 60 wakapoteza 3. Tatu tu, miaka mitano!

Sasa njoo kwenye msiba. Kuanzia 2017 mpaka 2023, misimu 7 mfululizo, walipoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Na walimleta mtu wao wenyewe kuja kuwaokoa: Scott Frost, mtoto wa Nebraska, aliyekuwa mpiga pasi mkuu wa kikosi cha ubingwa cha 1997. Watu walishangilia kama mtoto aliyepotea karudi nyumbani. Msimu wake wa kwanza, 2018, akaanza kwa kupoteza mechi 6 za mwanzo.

Ila msimu wa kuumiza kuliko yote kwangu ni 2021. Walipoteza mechi 9 kati ya 12, na zote 9 kwa tofauti ya pointi 9 au pungufu. Hakuna hata siku moja waliyosambaratishwa. Mechi ya mwisho dhidi ya Iowa waliongoza 21-6 wakaishia kulala 28-21. Nawaambieni, afadhali upigwe 50 uzime TV ukalale. Kufungwa kidogo kidogo ndiko kunakomfunga shabiki, kwa sababu kila Jumamosi unarudi nyumbani ukijua kabisa kwamba ilikuwa inawezekana. Septemba 2022 wakafungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, na kesho yake Frost akafukuzwa. Wangesubiri mpaka Oktoba 1 fidia yake ingeshuka kutoka dola milioni 15 hadi milioni 7.5. Hawakuweza kungoja wiki tatu!

Sasa kwa nini watu hawakukimbia? Sababu ya kwanza ni rahisi: hawana pa kukimbilia. Nebraska ina watu kama milioni mbili na haina timu ya ligi kubwa za kulipwa, si mpira huu, si kikapu. Ukiiacha Cornhuskers jimbo zima halina kitu kingine cha kuwakusanya Jumamosi. Ya pili ni viti. Tiketi za msimu zinarithishwa kwenye familia, kwa hiyo ukiachia kiti unaachia sehemu aliyokuwa anakaa babu yako, na huenda usiipate tena.

Lakini tusipambe sana. Ile rekodi ya tiketi kuisha imesaidiwa. Mwaka 2021 tiketi zilipokuwa zinadoda, wafadhili walizinunua ili watoto wa familia za kipato kidogo waingie bure. Jambo zuri kwa watoto, ila namba nayo ililindwa.

Na kuna hili ambalo wengi hawapendi kulisikia: kubaki na timu si sawa na kuwa mvumilivu. Mwaka 2003 kocha Frank Solich alifukuzwa akiwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3. Msimu uliofuata timu ikapoteza nyingi kuliko ilizoshinda, mara ya kwanza tangu 1961. Mwaka 2014 Bo Pelini naye akaondolewa. Miaka 7 yote hajawahi kushinda chini ya mechi 9. Mechi 9 zilionekana aibu kwa sababu watu walikuwa wanapima kwa rula ya 1995. Hawakuondoka vitini, lakini kiu yao ndiyo iliyowapa viongozi nguvu ya kubomoa nyumba iliyokuwa inasimama. Siwalaumu peke yao, kocha mbovu ni kocha mbovu, ila mchango wao upo.

Miaka imewabadilisha. Novemba 23, 2024, chini ya kocha Matt Rhule, waliifunga Wisconsin 44-25 baada ya kufungwa nayo mara 10 mfululizo. Ulikuwa ushindi wa 6 tu msimu huo, yaani tiketi ya mechi ya heshima kwa mara ya kwanza tangu 2016. Mashabiki walimiminika uwanjani, wengine wakilia, vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa ubingwa wa 1997. Desemba wakaenda New York wakaifunga Boston College 20-15.