Kodi Moja, Mizani Mbili

Mkulima aliyepata kupeleka pamba sokoni ajua kwamba dhuluma haimo katika bei peke yake, bali hata katika mizani. Ndivyo ilivyo kodi ya nyumba na ardhi. Serikali yaweza kutangaza kiwango kimoja kwa wote, kumbe mwenye kukadiria thamani amekwisha kuwabagua watu kabla senti moja haijalipwa.

Huko Marekani, katika Wilaya ya Webster, jimbo la West Virginia, tangu 1975 hadi 1986 mthamini aliikadiria ardhi iliyouzwa karibuni kwa bei ya mauzo yake, na ile isiyouzwa akaiongezea kidogo tu juu ya makadirio ya zamani. Makampuni ya makaa ya mawe yaliyonunua ardhi yakajikuta yamekadiriwa mara 8 hadi 35 kupita majirani zao. Sisi si mawakili wa makampuni, lakini haki haipimwi kwa mfuko wa mlalamikaji. Mahakama ya jimbo iliyaambia yaende yakadai majirani wapandishiwe makadirio! Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ililikataa jibu hilo kwa kauli moja. Kwa mwendo ule, usawa ungechukua zaidi ya miaka 500 kupatikana.

Wengi walidhani shauri limekwisha. La. California, kwa kura ya wananchi ya 1978, ilikuwa imelifanya jambo hilo kuwa sheria: thamani ya kutozea kodi isiongezwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Mwanamke mmoja aliyenunua nyumba ya kawaida Los Angeles mwaka 1988 akatozwa kiasi cha mara 5 ya majirani waliokuwapo tangu 1975. Kodi yake ilikaribiana na ya mwenye jumba la dola milioni 2.1 ufukweni Malibu. Akashitaki, na mwaka 1992 majaji 8 kati ya 9 wakamkatalia. Walisema jimbo laweza kuwalinda wakazi wa zamani, na mnunuzi aijua kodi yake kabla hajanunua.

Hoja hiyo haikosi ukweli, kwani mzee asiye na mshahara asifukuzwe kwake kwa kodi. Lakini ngao ile haikumtafuta mzee maskini. Ilimfunika na bwana wa Malibu, na wenye maghala na maduka makubwa pia. Mwaka 2020 wapiga kura wa California waliulizwa kama majengo makubwa ya biashara yaondolewe chini yake. Wengi wakakataa.