Vidole vya Shangazi

Julai ya Songea mnaijua, wajukuu zangu. Upepo unashuka kutoka Matogoro na asubuhi kila mtu anagombea nafasi jikoni. Msimu huo ndipo mtaa ulipotoa hukumu juu ya shangazi yenu: "Baridi tu hiyo, avae soksi." Akavaa. Ikaja Oktoba na jua lake kali, vidole vikawa vilevile.

Akiamka, vifundo vimevimba mikono yote miwili, wala havikunjiki. Kifungo cha gauni kinamshinda. Mwiko wa ugali anaubana kwa viganja. Ikifika saa nne hivi vinalegea, anapukuchua mahindi na wenzake huku anacheka, na hapo ndipo maneno yanapoanza: "Si alikuwa mgonjwa asubuhi? Uvivu huo." Maneno yale yaliniudhi sana. Maumivu ya namna hii mara nyingi humkaza mtu akipumzika na kulegea akianza kujongea. Ya mtu aliyechoshwa na jembe huwa kinyume chake.

Alipokwenda kliniki, daktari alimbonyeza kifundo kimoja kimoja, akamuuliza: asubuhi vinakaza kwa muda gani, nusu saa au zaidi ya saa nzima? Kisha akasema anashuku kinga ya mwili.

Sungusungu mnawajua, wanaolinda mtaa usiku wasiingie wezi. Kinga ndiyo sungusungu wa mwili, na wezi ni vijidudu. Sasa ikitokea wakachanganyikiwa, wanavunja mlango wa mwenye nyumba na kumcharaza yeye. Katika baridi yabisi wanashambulia utando ulio ndani ya kiungo, ndiyo maana kinavimba. Katika lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, wanaweza kufika kwenye ngozi hata figo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Magonjwa haya hayaambukizi, wala hakuna jirani aliyemtupia mtu kitu.

Mmeniuliza kwa nini daktari hakutaja jina moja akamaliza. Malaria ina kipimo chake: tone la damu, dakika chache, jibu. Huku hakuna kipimo kimoja cha kumaliza ubishi. Kipo kile cha damu kinachoitwa RF, ambacho Erik Waaler wa Norway alikifungulia njia mwaka 1940, lakini hadi leo wapo wagonjwa ambao hakiwabaini na wapo wazima ambao kinawaonyesha kama wagonjwa. Halafu magonjwa mengine yanafanana na haya: gauti, homa inayotokana na maziwa mabichi, na chikungunya inayoletwa na mbu. Hiyo ya mwisho iligunduliwa mashariki yetu huku, kwa Wamakonde wa Newala, baada ya mlipuko wa mwaka 1952. Homa yake huisha upesi, ila viungo vinaweza kuuma miezi, hata miaka. Kwa hiyo daktari anayesema "bado hatujajua, rudi tukuangalie tena" anafanya kazi yake sawasawa.

Jirani alimshauri anunue prednisoloni dukani. Ndugu wa dawa hiyo, kotisoni, Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa viungo mwaka 1948 na mgonjwa akainuka kitandani. Mwaka 1950 Hench na wenzake wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini dawa hizi ukizinywa muda mrefu bila usimamizi zinadhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Shangazi alikataa. Daktari akamwandikia nyingine, haidroksiklorokwini, jamaa ya ile klorokwini ya malaria. Wazee hatujaisahau ile, na muwasho wake! Hii hutuliza kinga, ila taratibu, inaweza kuchukua miezi.

Sasa ana daftari la shule. Kila siku mmoja wenu anamwandikia saa ambayo vidole vimelegea, ili kliniki ijayo daktari asome mwenyewe, na ikibidi ampe rufaa kwa bingwa wa viungo. Jana mliandika saa tatu. Na mahindi ya kupukuchua kesho alfajiri, kabla ya saa hiyo, msinitazame mimi.